Barabara ya Tabora–Urambo na kibao cha 50: makosa yaliyonigharimu

Karatasi ya kwanza ya faini niliipata Mabama, mwezi wa tatu tangu ninunue kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nikitoka Urambo na ndoo 10 za asali. Askari wa usalama barabarani alinyoosha mkono, nikasimama, akanionyesha kwenye tochi, kile kipima mwendo, namba 63, mahali ambapo ukomo ni 50. Nilikuwa na hakika kwamba nimeshatoka kijijini, kwa sababu nyumba za mwisho nilikuwa nimeziacha nyuma na mbele yangu palikuwa na mashamba matupu, na hilo ndilo nililomwambia, kwa sauti ambayo leo naionea aibu. Akanijibu kwa upole, "Mama, kibao cha kuruhusu bado hujakifikia," akabonyeza kimashine chake, nikapewa karatasi ya Sh 30,000. Fedha hizo zilikuwa karibu faida yote ya ndoo mbili za siku ile.

Nilianza kuendesha nikiwa na miaka 41. Kabla ya hapo nilikuwa nanunua asali Urambo na kuisafirisha kwa basi hadi Tabora mjini, nikilipia kila ndoo na kumsihi kondakta asiilaze ubavu kwenye buti. Nilipopata gari langu mwenyewe niliona nimekombolewa. Chuo cha udereva kilikuwa kimenifundisha alama, gia, kurudi nyuma na kuegesha kati ya vijiti. Hakikunifundisha nifanye nini pale gari lenye haraka linapokuwa limenigandia nyuma, dereva wake ananimulika na kunipigia honi, na mbele yangu kuna kibao cha 50. Miezi 14 ya mwanzo niliitumia kujifunza jambo hilo moja, na ninalieleza hapa kwa kirefu kwa ajili ya yeyote anayeanza kuendesha ukubwani kwenye barabara kama hii yetu.

Barabara yenyewe ni ya lami, kilomita 42 kutoka Tabora hadi Ndono na nyingine 52 kutoka Ndono hadi Urambo. Wanaoikumbuka ilipokuwa ya vumbi wanajua kwamba wakati wa mvua gari liliweza kulala njiani na abiria wake. Lami ilipokuja mwendo ulibadilika, lakini vijiji havikuhama. Tumbi, Ilolangulu, Mabama, Ndono na Usoke viko pale pale; mtoto anavuka kwenda shule, mama anavuka na ndoo ya maji kichwani, baiskeli ya mkaa inaingia barabarani alfajiri bila taa wala kiakisi mwanga, na ng'ombe wanavuka kwa wakati wao. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hata yanapokuwa nje ya makazi. Namba hizo nilizikariri kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, na sikuzifikiria tena mpaka siku ya Mabama.

Ndani ya majuma matano nilipata karatasi tatu, yaani Sh 90,000. Ya pili ilikuwa Usoke, ambako nililifuata basi dogo lililonipita nikiamini kwamba kama kuna tochi mbele, litashikwa lile kwanza. Lilipita, nikashikwa mimi. Ya tatu ilikuwa Tumbi asubuhi, na hiyo ndiyo iliyonifikirisha zaidi baadaye, kwa sababu wakati nakipita kibao nilikuwa natazama kioo cha nyuma, nikimwangalia dereva aliyekuwa amenikaribia kiasi kwamba taa zake sikuziona tena, naona kioo chake cha mbele tu. Nilikuwa nimeongeza mwendo ili nimridhishe mtu nisiyemjua.

Hasira yangu niliielekeza kwa askari na kwa vibao. Niliwaambia wote waliokuwa tayari kunisikiliza kwamba hivi ni vyanzo vya mapato tu, na dereva mmoja sokoni akaniambia kwamba faini usipoilipa ukakaa kimya, inapotea. Nikakaa kimya na ile ya Usoke. Haipotei. Imeandikwa kwa namba ya gari, na muda wa kulipa ukipita inaongezeka. Miezi miwili baadaye nilisimamishwa kwenye barabara ya Nzega kwa ukaguzi wa kawaida, askari akaingiza namba ya gari langu, deni likatokea, na sikuondoka pale mpaka nilipolilipa, jambo lililonilazimu kupanda bodaboda kumtafuta wakala wa fedha kwa sababu simuni sikuwa na salio la kutosha. Mteja wangu wa Nzega alisubiri hadi jioni, akanunua asali ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, mwenye gari aangalie deni lake kwa namba ya gari kwenye mfumo wa mtandaoni wa polisi kabla ya safari ndefu, alipe kwa kumbukumbu namba ya malipo kupitia simu, na autunze ujumbe wa malipo. Fedha taslimu asimpe mtu yeyote kando ya barabara. Asiyeridhika na kosa aliloandikiwa anaweza kuomba aonyeshwe kipimo, na ana haki ya kulikataa ili shauri lipelekwe mahakamani. Hayo yote yanawezekana bila kupaza sauti kama nilivyopaza mimi.

Lakini si kila lalamiko langu lilikuwa la hasira tupu. Katika kijiji kimoja kabla ya Usoke, kibao cha kuonyesha mwisho wa ukomo hakikuwepo. Kilikuwa kimekatwa, kikabaki kipande cha bomba kinachofika gotini. Dereva mgeni hakuweza kujua ukomo unaishia wapi, na mimi niliyekwishaumwa na nyoka nilikuwa nikienda 50 kilomita nyingi baada ya nyumba kwisha, huku nyuma yangu msururu unarefuka na honi zinalia. Nilimwendea mwenyekiti wa kijiji. Akanieleza kwamba vibao vya chuma vinakatwa usiku na kuuzwa kama chuma chakavu, na kwamba yeye mwenyewe hapendi, kwa sababu kibao kikikosekana watu wa nje wanapita kwa mwendo wowote. Tuliandika barua pamoja, tukataja umbali kutoka nguzo ya kilomita iliyo karibu, tukaambatisha picha mbili nilizopiga kwa simu, nikaipeleka ofisi ya barabara mjini. Baada ya kama miezi miwili kibao kipya kilisimamishwa. Ninalitaja hili kwa sababu watu wengi, mimi nikiwa wa kwanza, tunalalamika ndani ya gari ambako hakuna anayesikia.

Sasa nizungumzie wale wa nyuma.

Sehemu kubwa ya wanaosukuma wenzao kwenye njia hii ni madereva wa magari madogo ya abiria, tunayoyaita mchomoko. Nimewahi kupanda mengi ya hayo kabla sijawa na gari, na ninajua kwamba dereva ana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari kila jioni, mafuta ni juu yake, na kila trip anayoongeza ndiyo chakula cha nyumbani kwake. Ninamwelewa. Hata hivyo, hesabu yake haimpi ruhusa ya kuniwekea bampa mgongoni nikiwa napita mbele ya shule ya msingi. Wapo pia wenye magari makubwa ya binafsi ambao hawana hesabu ya mtu yeyote, wanawasha taa kubwa mchana kweupe kama vile barabara ni ya urithi, na hao siwezi kuwatafutia sababu.

Mimi niliwajibu kwa njia mbili, na zote mbili zilikuwa mbaya. Siku za woga niliongeza mwendo. Siku za hasira nilipunguza makusudi, nikashuka hadi 40 ili kumkomoa aliye nyuma, na mara moja, nikiri, nilipoona gari limeanza kunipita niliongeza mafuta ili lisinipite. Dereva yule alirudi nyuma yangu huku lori linakuja mbele yake. Niliona uso wake kwenye kioo. Sikumsimulia mtu jambo hilo kwa muda mrefu.

Ajali ilitokea mwezi Juni, msimu wa asali kubwa, wakati ambapo pia malori yanabeba tumbaku kutoka Urambo na Kaliua. Nilikuwa na ndoo 17 za lita 20. Nilipofika karibu na Ndono, saa 10 jioni, mbele yangu palikuwa na lori la marobota ya tumbaku likipanda kwa kilomita kama 40 kwa saa, na nyuma yangu palikuwa na gari dogo jeupe la abiria lililonigandia tangu Usoke. Dereva wake alikuwa akimulika, anazima, anamulika tena. Kisha lori likawasha indiketa ya kushoto.

Kila anayeendesha njia kuu za nchi yetu anaijua desturi hii: dereva wa lori akikuwashia kushoto anakuambia pita, akikuwashia kulia anakuambia subiri, kuna kitu kinakuja. Haimo kwenye sheria wala kwenye kitabu cha alama nilichosoma chuoni. Nilijifunza kwa kuona wengine, nikaitumia mara nyingi, na kila mara ilinifikisha salama, hivyo nikaacha kuitilia shaka. Siku ile niliona taa ya kushoto, nikasikia honi nyuma, nikatoka.

Nilipokuwa usawa wa matairi ya nyuma ya lori niliiona pikipiki inakuja. Dereva wake alikuwa amembeba mwanamke, na mwanamke alikuwa na mtoto mgongoni. Wakati huohuo nikatambua kwamba lori linapunguza mwendo na kuelekea kando. Taa ile haikuwa ya kunipa ruhusa, dereva alikuwa anataka kuegesha, na alikuwa ameonyesha hivyo kama sheria inavyomtaka. Nilishika breki ili nirudi nyuma ya lori, lakini nafasi niliyoiacha ilikuwa imeshajazwa na gari jeupe, ambalo lilikuwa limenifuata kwa ukaribu uleule. Pikipiki ilitoka barabarani ikaingia kwenye majani marefu. Mimi nikakata kushoto, na gari jeupe likanigonga kwenye kona ya nyuma. Ndoo za asali ziligonga ukuta wa kabini kwa kishindo nilichodhani ni gari jingine.

Hakuna aliyeumia. Yule mwendesha pikipiki aliinua chombo chake, akamkagua mkewe na mtoto, akanitazama bila kusema neno, akaondoka. Ningeona nafuu kama angenitukana. Asali ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye bodi hadi kwenye lami, na kabla hatujamaliza kuyasukuma magari pembeni nyuki walishaanza kuja, wachache kwanza, kisha wengi, abiria wa gari jeupe wakakimbilia upande wa pili wa barabara.

Makosa niliyofanya katika nusu saa iliyofuata yalinigharimu fedha nyingi kuliko ajali yenyewe. Tuliyasogeza magari bila kupiga hata picha moja. Dereva wa gari jeupe, kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, aliniambia kwa heshima zote, "Dada, tukiita trafiki tutalala hapa, na wewe ndiye uliyekuwa unaovateki. Tuelewane." Maneno hayo yaliniogopesha kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Kosa langu la kupita bila kuona mbele lilikuwa wazi, na kosa lake la kunikaribia mno lilikuwa wazi vilevile, lakini mwenye kazi ya kupima makosa hayo alikuwa askari mwenye mchoro wa ajali, si sisi wawili tuliosimama pale tunatetemeka. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari kwamba atanilipa Sh 400,000 kwa awamu mbili. Alinipa 50,000 palepale. Baada ya juma moja simu yake haikupatikana tena.

Nilipokwenda kituo cha polisi siku ya tisa, nilisikilizwa vizuri lakini niliulizwa maswali nisiyoweza kuyajibu: magari yalikuwa yamekaa vipi, alama za breki zilianzia wapi, shahidi ni nani, namba ya stika ya bima ya mwenzako ni ipi. Sikuwa na chochote. Bima yangu ilikuwa ile ndogo ya Sh 118,000 kwa mwaka, na hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza nilichokuwa nimekinunua: bima ile inamlipa mtu mwingine niliyemdhuru mimi, hailipi gari langu. Kama kosa lingeonekana ni la yule kijana, kwa sehemu au kwa lote, ingekuwa bima ya gari lake ndiyo ya kudai, na kampuni ya bima inaanza na taarifa ya polisi. Bila taarifa hiyo sikuwa na mlango wa kubisha.

Ndoo sita zilipasuka, na kila moja nilikuwa nimeinunua kwa Sh 130,000, jumla 780,000. Kunyoosha bodi, taa ya nyuma na rangi kuligharimu 650,000. Ukiondoa zile 50,000, nilipoteza Sh 1,380,000, na majuma mawili ambayo sikugusa usukani kwa sababu mikono ilikuwa ikinitetemeka nikifunga mkanda.

Leo, ajali ikitokea na hakuna aliyeumia, ningepiga simu polisi kwanza, nikaweka pembetatu za tahadhari nyuma ya magari, nikapiga picha kabla gari lolote halijasogezwa: namba za magari, stika za bima, leseni ya mwenzangu, alama kwenye lami, na barabara yote kwa mbali pande zote mbili. Yakiwepo majeruhi, wao kwanza, na fomu ya PF3 ya polisi kwa ajili ya matibabu isisahaulike. Makubaliano ya kwenye daftari sitayasaini tena, hata kama kosa ni langu. Hasa kama kosa ni langu, kwa sababu mwenye hofu hukubali lolote.

Kaka yangu, ambaye amefanya kazi ya malori miaka mingi, alikuja kuliona gari, na swali lake la kwanza halikuwa kuhusu indiketa. Aliniuliza, "Ulibeba kilo ngapi?" Nikamjibu 340, yaani ndoo 17 mara 20, na gari kama langu limeundwa kubeba kilo 350. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niipime ndoo moja iliyosalia. Ilikuwa na kilo 28. Asali ni nzito kuliko maji, jambo ambalo mimi muuza asali nililijua kwa mikono yangu kila siku ninapoinua ndoo, lakini kwenye hesabu ya gari nilikuwa nikihesabu lita kana kwamba ni kilo. Nilikuwa nimebeba kilo 476. Breki zilizotengenezwa kwa mzigo mmoja nilizitaka zisimamishe mzigo mwingine, na kila nilipokuwa nikijiambia kwamba 60 au 70 si mwendo mkubwa, nilikuwa namfikiria dereva wa gari tupu.

Ni kaka pia aliyenifanya nikae chini na kalamu. Kwa mwendo wa 50, gari linakwenda karibu mita 14 katika sekunde moja. Kwa 80, karibu mita 22. Sekunde hiyo moja ndiyo inayopita kati ya jicho kuona na mguu kukanyaga breki, kabla gari halijaanza hata kupunguza. Baada ya hapo mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne, si mara mbili kama nilivyodhani. Barabara ya Mabama mbele ya maduka, kutoka mlango mmoja hadi wa upande wa pili, haifiki hata hizo mita 22.

Kisha nikapima muda, kwa sababu muda ndio uliokuwa sababu ya kila kitu. Siku moja isiyo na mzigo nilisoma kilomita kwenye dashibodi kila nilipoingia na kutoka kwenye eneo la 50 kati ya Tabora na Urambo, nikajumlisha, nikapata kama kilomita 23. Kilomita hizo kwa 50 zinachukua chini kidogo ya dakika 28. Kwa 80 zinachukua kama 17. Tofauti ni dakika 10 na ushei katika safari nzima, na hiyo ni kama barabara ni tupu na huyo anayekimbia hakuti tuta wala rasta, yale matuta madogo yaliyofuatana, wala ng'ombe. Karatasi zangu tatu za faini, hofu yangu kwenye kioo cha nyuma, na pikipiki ile kwenye majani, vyote vilikuwa ni kwa ajili ya dakika 10 ambazo nikifika Tabora nilikuwa nikizimaliza kwa kusubiri kupakuliwa.

Tangu hapo naondoka Urambo nusu saa mapema. Sibebi zaidi ya ndoo 12. Akinigandia mtu nyuma, sitazami kioo mara kwa mara. Nashikilia mwendo wangu mpaka nione mahali papana na pagumu pembeni, kituo cha basi au njia ya kuingilia shamba, naonyesha mapema kwamba naingia, nasimama, naacha wote wapite. Inanichukua chini ya dakika moja. Mara ya kwanza niliona ni unyonge, na kwa mtu wa tabia yangu halikuwa jambo rahisi. Gari likianza kunipita, naachia mafuta kidogo ili limalize haraka. Na kwa indiketa simwambii mtu apite wala simwamini anayeniambia mimi nipite: taa yangu inaonyesha ninakokwenda mimi, basi. Nisipoona barabara mbele ya lori, nakaa nyuma ya lori, kwa umbali wa kutosha kuviona vioo vyake vyote viwili, hata kama ni mpaka Tabora.

Jambo moja bado linanisumbua na sijapata dawa yake kamili, nalo liko mjini, kwenye vivuko vya zebra karibu na shule. Nilikuwa nimeamua kusimama kila ninapowaona watoto. Asubuhi moja nilisimama, watoto watatu wakaanza kuvuka kwa sababu mimi nimesimama, na bodaboda iliyokuwa nyuma yangu ikatoka kulia na kunipita bila kupunguza. Mtoto wa mbele alisimama mwenyewe, hatua moja kabla. Mwenzake alimshika begi. Wema wangu ulikaribia kuwa mtego. Siku hizi naanza kupunguza mapema, nawasha taa zote za tahadhari, natoa mkono dirishani nikiushusha chini polepole ili wa nyuma waone, na siwaashirii watoto wavuke mpaka nihakikishe kwenye kioo cha kulia kwamba hakuna anayekuja. Wenzangu wa kikundi chetu cha wauza asali nao sasa wanafanya hivyo, na tumeomba kwenye mkutano wa mtaa yawekwe matuta pande zote mbili za kivuko. Ombi liko kwenye mihtasari; matuta bado.

Nilimtafuta yule mwendesha pikipiki kwa miezi minne. Kila nilipopita Ndono nilisimama kwenye kijiwe cha bodaboda nikauliza, nikiwaeleza habari ya asali iliyomwagika, na hatimaye mzee mmoja muuza mihogo akaniambia kwamba huyo ni jirani yake, akatuma mtoto kumwita. Alikuja kwa miguu, akaniamkia shikamoo, mimi nikiwa nimeshasahau maneno yote niliyoyaandaa. Nilimwomba msamaha. Akaniambia mkewe na mtoto ni wazima, na kwamba alichokikumbuka zaidi ni nyuki, kwa sababu wawili walimfuata hadi nyumbani wakiwa kwenye nguo. Nikamweleza kuhusu taa ya lori, kwamba nilidhani naambiwa nipite.

Akatulia, kisha akasema, "Mama, hata mimi niliiona taa hiyo. Nikajua lori linaegesha, na mimi nina barabara yangu nzima. Ndiyo maana sikupunguza."